Kinanda Kilichokaa Chini ya Kitambaa

Maneno ya darasa la kinanda katika ibada ya Jubilei ya miaka 25 ya kwaya





Kamati ya Jubilei imetupa dakika kumi na tano tueleze darasa la kinanda lilivyoanza, na mtu anayeanza hufundishwa nini. Wenzetu wamekwisha kuzungumza juu ya safari zetu, sare zetu za kwanza zile za rangi ya chungwa, na wanakwaya waliolala katika Bwana. Sisi tumepewa kinanda. Tutasema ukweli, hata pale unapotuaibisha kidogo.

Kinanda mnachokiona hapa mbele kilinunuliwa kwa harambee. Wengi wenu mlikuwepo. Kuna walioleta fedha, kuna walioleta kuku, ndizi na mahindi, vikanadiwa hapo nje baada ya ibada mpaka jua likatuchoma. Kuna mzee mmoja aliyenunua jogoo wake mwenyewe mara tatu na kumrudisha mnadani mara tatu. Kinanda kilipofika tulikiombea, tukakishonea kitambaa cheupe chenye maua, halafu tukakaa nacho miaka mingi bila mwanakwaya hata mmoja anayejua kukipiga.

Tulikuwa tukikodi mtu. Ndugu yule alikuwa na kipaji, na hatumlaumu, maana naye alikuwa na familia ya kulisha na kanisa lingine lililomwita. Jumapili aliyokuja tulisikika kama kwaya ya redioni. Jumapili ambayo hakuja, kitambaa hakikufunuliwa. Ikawa hivyo mpaka alipopata kazi mbali akatuaga. Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya alitupa sauti kwa mdomo, akaanzia chini mno, na wenzetu wa besi wakazama kabisa. Ubeti wa pili hatukuwasikia tena. Si kwamba hatuwezi kuimba bila ala. Tuliimba hivyo miaka mingi na Mungu akatukuzwa. Lakini mama mmoja alitusimamisha mlangoni akatuuliza, kwa upole kabisa, kuku wake alimtoa kwa ajili gani.

Hatukuwa na jibu.

Na kuna jambo la zamani zaidi ambalo tumekubaliana kulisema leo. Miaka mingi kabla ya hapo, tukiwa mkutanoni, mtoto wa kama miaka tisa aliingia, akafunua pembe ya kitambaa, akawasha, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Hakuwa akicheza ovyo. Alikuwa akitafuta wimbo tulioimba asubuhi ile, na alikuwa amekwisha kuupata mstari wa kwanza. Tulimfokea. Mmoja wetu alimshika sikio akamtoa nje, akamwambia kile si kitu cha kuchezea watoto. Baadaye familia yake ilihama mji. Hatukuwahi kumwomba msamaha, na katika miaka yote iliyofuata, tuliposema kanisani kwamba Mungu hajatupa mpiga kinanda, hakuna aliyemtaja mtoto yule.

Basi, darasa. Tulianza watu saba, Jumamosi saa nane mchana. Mwalimu mmoja wa muziki wa shule ya upili alikubali kuja muhula mmoja, kwa nauli na chai. Siku ya kwanza tulitegemea kupiga wimbo. Yeye alianza na kiti. Alisema ukikaa chini mno kifundo cha mkono kitapinda, na mkono uliopinda huchoka kabla wimbo haujafika kwenye pambio. Kiwiko kiwe karibu usawa wa vibonye, mabega yalale, vidole vijikunje kidogo kana kwamba umeshika chungwa. Tulifanya zoezi la kukaa kwa karibu nusu saa. Wawili kati yetu hawakurudi Jumamosi ya pili, nasi hatuwashangai.

Kisha akatuonyesha ramani. Piano kamili ina vibonye 88, yaani vyeupe 52 na vyeusi 36. Kinanda chetu, kama vingi vya makanisani, kina vibonye 61. Mtu akivitazama mara ya kwanza huona msitu. Lakini tazameni vyeusi: vimekaa viwili, halafu vitatu, halafu viwili, halafu vitatu, toka mwanzo hadi mwisho. Kibonye cheupe kilicho kushoto kabisa mwa vile viwili ndicho C. Kilicho kushoto mwa vile vitatu ndicho F. Ukijua hayo mawili umejua kinanda chote, kwa sababu kila baada ya vibonye saba vyeupe mambo hurudi yalikotoka. Ile C ya katikati, inayoitwa C ya kati katika vitabu vyote, kwenye kinanda chetu ni ya tatu ukihesabu kutoka kushoto. Kwenye piano kamili ni ya nne. Mmoja wetu alialikwa kupiga kwenye piano ya ukumbi fulani, akahesabu tatu kwa mazoea ya nyumbani, akaanza wimbo chini kwa oktava nzima. Hatutamtaja. Yuko mstari wa mbele na amekwisha kuinamisha kichwa.

Vidole navyo vina namba: kidole gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, kidogo 5. Ni hivyohivyo kwa mikono yote miwili. Hapa ndipo wengi hukosea, maana kila mtu huanza kwa kidole kimoja, akapata wimbo, akafurahi, akabaki na kidole kile miaka kumi. Vidole ni vitano na sauti za ngazi ni nane, kwa hiyo lazima gumba lipite chini. Mkono wa kulia, ukianza C, hupiga 1, 2, 3, kisha gumba hupita chini ya kidole cha kati, halafu 1, 2, 3, 4, 5. Mkono wa kushoto ukipanda huanza na 5, 4, 3, 2, 1, kisha kidole cha kati huruka juu ya gumba: 3, 2, 1. Ni jambo la dakika moja kuelezwa na la majuma matatu kulizoea. Mama yetu mmoja wa sauti ya pili, aliyejiunga na darasa akiwa na miaka 61, alisema vidole vyake vimezoea kushika jembe kwa pamoja, na kuviambia kila kimoja kiende njia yake ni sawa na kugawanya ndugu. Alikuwa akifanya zoezi hilo juu ya paja lake ndani ya matatu. Utingo akamuuliza kama ana baridi.

Tulidhani tatizo letu kubwa litakuwa kwamba hatusomi noti za mistari mitano. Kwaya hii imelelewa kwa solfa. Wengi wetu tuliijifunza shuleni tukijiandaa kwa tamasha la muziki, wengine tuliijifunzia hapahapa, ubaoni, kwa chaki. Mwalimu alicheka, akasema solfa si upungufu, ni mtaji. Akatueleza kwamba ilitengenezwa Uingereza katika karne ya kumi na tisa. Mama mmoja mwalimu, Sarah Glover wa mji wa Norwich, alibuni njia ya kuwafundisha watoto kuimba, kisha mchungaji John Curwen akaichukua, akaifanyia marekebisho, akaieneza ili watu wa kawaida wasio na ala waweze kuimba ibadani. Wamisionari wakaileta huku. Kwa hiyo ile d, r, m iliyo ubaoni ilitoka kwa watu waliokuwa na shida kama yetu.

Faida yake kwa mpiga kinanda ni hii. Anayesoma solfa anajua tayari kwamba kutoka mi kwenda fa ni hatua fupi, na kutoka ti kwenda do ni hatua fupi, na nyingine zote ni ndefu. Sikio lake linajua, hata kama mdomo hauwezi kueleza. Kwenye kinanda hatua fupi ni kibonye hadi jirani yake wa karibu kabisa, mweusi au mweupe. Hatua ndefu huruka kibonye kimoja. Ukianza C, vyeupe vyenyewe vinakupa ngazi nzima bila kugusa cheusi, maana E na F hazina cheusi kati yao, wala B na C hazina. Sasa karatasi ikisema do ni G, anzia G uende na vyeupe tu. Utafika ti na sikio litakukatalia. Hatua ya kwenda ti imekuwa fupi na ya kutoka ti kwenda do imekuwa ndefu. Ndipo unapanda kibonye kimoja cheusi, F kali, na sikio linatulia. Do ikiwa F, fa ndiyo itakayokusumbua, nayo unaishusha hadi kile cheusi kinachoitwa B bapa. Hatukukariri sheria hizo. Tulizisikia, kwa sababu tulikuwa tukiimba huku tunabonyeza. Kwa maoni yetu mwanakwaya anayejifunza kinanda akiwa amefunga mdomo anajichelewesha.

Halafu zikaja kodi. Si zile za serikali, ingawa nazo hazikwepeki. Kodi ni sauti tatu zinazopigwa kwa pamoja. Ya kwanza ni do, mi, so. Ya pili ni fa, la, do. Ya tatu ni so, ti, re. Kwa hizo tatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi sana za ibada. Tulipoambiwa hivyo tulishangilia, na Jumapili iliyofuata tukajaribu, tukarukaruka na mkono kutoka upande mmoja wa kinanda hadi mwingine kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kila kodi ilichelewa, nanyi mkatungoja. Mlikuwa wavumilivu, tunakumbuka.

Siri ilikuwa kutokuhama. Tuseme do ni C. Mkono wa kulia umeshika C, E, G. Ukitaka kodi ya fa, usiubebe mkono wote hadi F. Acha C ilipo, maana kodi zote mbili zina C, kisha sogeza E iende F, na G iende A, basi. Ukitaka kodi ya so, rudi C, E, G, acha G ilipo, shusha C iende B na E iende D. Vidole vinatambaa tu, mkono haujaondoka mahali pake. Mkono wa kushoto wakati huo unapiga sauti moja ya chini: C, au F, au G. Siku tuliyolielewa hili, Jumamosi moja ya mvua, tulipiga wimbo mzima bila kusimama, mara tatu, halafu tukakaa kimya. Mlinzi wa kanisa aliingia akauliza kama yule ndugu wa kukodi amerudi.

Mnataka kujua ni kodi ipi iende wapi? Sikiliza sauti ya kwanza imesimama wapi kwenye pigo zito. Ikiwa imesimama mi, kodi ni ya do. Ikiwa imesimama la, jaribu ya fa. Ikiwa re au ti, jaribu ya so. Do na so ni za nyumba mbili, hapo sikio ndilo linaloamua. Na mwisho wa wimbo karibu kila mara ni so kisha do, kama mtu anayerudi nyumbani na kufunga mlango.

Juu ya mapigo tutasema machache, ingawa ndiyo yaliyotuliza zaidi. Kinanda chetu kina midundo ya mashine: bonyeza, na ngoma zinalia zenyewe. Mwalimu alitukataza kuigusa muhula wote. Alitundika saa ya ukutani, ile inayogonga sekunde, akasema hizo ni mapigo 60 kwa dakika, pigeni nayo. Polepole hivyo kila kosa linaonekana. Tulijifunza kwamba kosa la kibonye watu husamehe, bali ukisimama kurekebisha, kwaya nzima inaanguka nawe. Kwa hiyo ukikosea, songa mbele. Wimbo haukungoji.

Kuna kitufe kingine ambacho lazima tukitaje, kwa kuwa kimewahi kuwaumiza wengine wenu. Ni kile kinachohamisha sauti: unapiga C, inatoka D au E. Ni kitufe kizuri kwa mvivu, nasi tulikuwa wavivu. Badala ya kujifunza do ikiwa D, tulihamisha. Jumapili moja mmoja wetu alihamisha juu kwa ajili ya wimbo wa vijana, akasahau kurudisha. Wimbo uliofuata ulikuwa wenyewe wa juu tayari. Wenzetu wa sauti ya kwanza walipanda mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na wageni wa siku ile wakadhani ni upako. Tangu hapo, kabla ya ibada, mpigaji lazima apige C ya kati na mwalimu wa kwaya aikubali.

Wengi huuliza watafanyaje mazoezi bila kinanda nyumbani. Sisi wenyewe hatuna. Tulichora vibonye kwenye karatasi ya manila kwa ukubwa wake halisi, vyeupe saba vikichukua karibu sentimita 16 na nusu, tukabandika juu ya meza ya chakula. Karatasi haitoi sauti, kwa hiyo unaimba wewe mwenyewe. Inafaa kwa vidole, inafaa kwa kodi, na haihitaji stima. Dakika kumi na tano kila jioni zilitusaidia kuliko saa mbili za Jumamosi. Waliofanya hivyo ndio waliobaki. Katika wale saba tulibaki wanne, halafu wengine wakajiunga, na leo darasa lina watu kumi na mmoja, sita kati yao wakiwa watoto.

Juu ya watoto hao hatukukubaliana upesi. Wapo waliosema, na walikuwa na hoja, kwamba kinanda kikiharibika hakuna harambee nyingine hivi karibuni, na kwamba watoto humwaga soda. Wapo waliosema kitakufa chini ya kitambaa vilevile. Tulibishana mikutano miwili. Tulipofika mwisho wa ule wa pili, yule aliyemshika mtoto sikio miaka ile alisimama akasema yeye ndiye atakayekaa na watoto kila Jumamosi, na kikiharibika atalipa. Hajakosa Jumamosi hata moja tangu wakati huo, ila ile ya mazishi ya mama yake. Soda imemwagika mara moja, sakafuni. Kibonye kimoja cha juu kabisa kimekufa, na hicho kilikufa kwa vumbi kabla watoto hawajaruhusiwa.

Hatujafika mbali. Hatuna anayesoma sauti zote nne na kuzipiga pamoja kama zilivyoandikwa; wawili wanajaribu, mkono wa kulia kwa sauti ya kwanza na ya pili, wa kushoto kwa ya tatu na besi, na wanapigana nazo mstari kwa mstari. Do ikiwa na vyeusi vinne au vitano bado tunaikimbia, nanyi mmeona kwamba nyimbo fulani hatuziimbi siku hizi. Tupeni mwaka mmoja. Noti za mistari mitano tumeanza mwezi uliopita, na mama yetu wa sauti ya pili ndiye anayetuzidi wote, kwa kuwa alinunua daftari na sisi wengine tulisema tutakumbuka.

Darasa liko Jumamosi ijayo kama kawaida, saa nane. Ufunguo wa kabati unakaa kwa mama mlezi wa kwaya, si kwa mwenyekiti tena. Mtoto akija peke yake aruhusiwe kuingia, anawe mikono kwanza, soda ibaki nje. Karatasi za manila zilizochorwa zipo mezani hapo mlangoni, ni za bure, chukueni moja kwa kila nyumba. Na kama kuna mtu anayejua familia ile iliyohama ilikwenda wapi, amwone mwenyekiti wetu baada ya ibada.

Sasa tunamwomba mama yetu wa sauti ya pili aje akae kwenye kinanda. Do ni F. Wanakwaya, tusimame.